Akaunti Kumi na Moja

Katika treni ya asubuhi nilikaa nyuma ya wanawake wawili ambao hawakujuana. Mmoja alikuwa msusi. Mwingine, mama wa makamo, alipakata mfuko wa nguo safi za mgonjwa.

"Hawa wenye mitandao wakificha idadi ya laiki za picha, mimi nitakula wapi, mama?" alilalamika msusi. "Mteja haangalii nywele siku hizi, anaangalia namba." Nilimkubalia kimoyomoyo, hata kinyozi wangu nilimchagua hivyo.

"Binti yangu alikuwa anapata mbili, tatu," alijibu mama. "Nikamwonea huruma. Nikafungua akaunti kumi na moja za uongo, kila picha yake nikaipa laiki."

"Si ulimsaidia?"

"Alishika simu yangu kutafuta namba ya shangazi yake, akazikuta zote. Akaniuliza, 'Kumbe ni wewe tu?' Tangu hapo hajafungua kinywa, si kwa neno wala kwa chakula. Wodini wanamlisha kwa mpira wa puani."

Msusi aliutazama ule mfuko wa nguo. Kisha akasema polepole, "Lakini mama, hilo si kosa la namba."

"La nani basi, mdogo wangu? Sema."

Treni ilisimama kituo cha hospitali. Mama aliinuka, akasimama mlangoni akisubiri jibu, mpaka abiria wa nyuma yake wakamwomba ashuke.