Nywele za Wifi

Ndani ya basi, fundi cherehani alijifanya amesinzia, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele, ambako mama mwenye kiwanda kidogo cha mikate kijijini alikuwa akimweleza jirani yake, roho juu: "Wifi yangu anakanda unga kichwa wazi, nywele zinadondokea humo humo. Dada wa mume, nitamwambiaje? Nikamfokea mfanyakazi wetu mbele yake, kusudi wifi ajishtukie."

"Kwani mfanyakazi naye hafungi kitambaa?"

"Hufunga kila siku! Ndiyo maana kasusa. Naenda kumbembeleza, bila yeye mikate yote inaungua."

Fundi aling'ata mdomo asicheke.

"Na wifi, alijishtukia?"

Basi likasimama. Mama akainuka kama anayeitwa mahakamani. "Alinipongeza. Kasema nilichelewa mno kumsema yule binti."