Daktari Nurdini na Jicho la Kushoto

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Daktari Nurdini Uwesu anastaafu leo, tarehe 30 Juni, na kituo chetu cha mifugo hapa Tabora kinabaki bila mtu wa kuwakaripia wanaoacha friji ya chanjo wazi. Alianzia Igunga, akichanja ng'ombe wa mnadani na kutibu punda wanaovuta mikokoteni ya mpunga. Akahamishiwa Ipole, ambako nyuki walimfukuza mpaka akaitupa pikipiki porini. Pikipiki ililetwa kesho yake. Yeye hadi leo hagusi asali.

Lakini jina alilipatia kwenye macho. Punda akiumwa jicho, iwe Goweko au Nzega, mwenye punda alimtaka Nurdini na si mwingine. Hakuwa na papara. Alisimama kwanza mbele ya mnyama, kwenye mwanga, akalinganisha kope za kulia na za kushoto. Kope za upande mmoja zikilegea na kuelekea chini, jicho hilo linauma, hata kama mwenye punda anaapa kwamba halina kitu.

Wengi tunamkumbuka kwa farasi wa Bwana Mabruki, yule wa kubebea maharusi. Farasi huyo alianza kuruka kila alipoguswa upande wa kushoto, na Jumamosi moja akammwaga bwana harusi mbele ya wakwe. Mabruki, kwa aibu, akataka kumuuza. Sylvester, wakati huo mgeni kazini, alivua kofia akaipunga mbele ya jicho la kushoto. Farasi akapepesa. Sylvester akatangaza kwamba mnyama anaona vizuri, ila ana kiburi.

Daktari alimwacha amalize kujisifu. Kisha akapeleka kiganja chake mbele ya kila jicho kwa ghafla, lakini kwa mbali kidogo, vidole vimeachana ili upepo upite katikati. Jicho la kulia likafumba. La kushoto halikutikisika. Kumbe kilicholipepesa mwanzo ni upepo wa kofia.

Akamwingiza farasi bandani, akafunga mlango, akammulika kwa kurunzi. Sylvester akaona vinundu vyeusi ukingoni mwa mboni, akasema ni uvimbe. Akaambiwa farasi huzaliwa navyo. Tatizo lilikuwa nyuma ya mboni, weupe uliotanda: mtoto wa jicho. Jicho likatiwa rangi ya kijani kutafuta mkwaruzo. Mkwaruzo haukuwepo, ila rangi ilishuka hadi puani, farasi akapiga chafya, na kanzu ya Mabruki haijatakata mpaka sasa. Mwisho ndoo zilipangwa uani, farasi akafunikwa jicho moja kwa kanga, kisha jingine, na kila mara akatembezwa katikati ya zile ndoo. Kwa jicho la kushoto peke yake aligonga zote.

Daktari akaamua: farasi asiuzwe. Anayemwongoza akae kushoto, na amsemeshe kabla ya kumkaribia. Farasi anabeba maharusi hadi leo.

Sasa tuje kwenye vituko vya Daktari mwenyewe. Mwaka jana alianza kumimina chai nje ya kikombe, na kuwapita bila salamu wakwe zake waliosimama upande wake wa kushoto. Kiburi hana, tunamjua. Tukaanza kumsemesha kabla ya kumkaribia, kama alivyotuagiza kwa farasi, naye hakushtukia hila hiyo. Tulipomsihi aende hospitali, alisema ni vumbi. Mkewe, Bi Asmahani, alisema ni woga tu: mtu aliyedunga sindano nusu ya ng'ombe wa mkoa huu anaogopa sindano moja. Na Daktari bado alikuwa anapanda pikipiki kwenda Goweko. Hapo hatukucheka tena. Tuliogopa kwamba siku moja tungeletewa habari zake na lori la tumbaku.

Basi tukampima kwa njia yake mwenyewe. Akiwa anakunywa chai, Sylvester alimpelekea kiganja upande wa kushoto, vidole vimeachana. Hakupepesa. Mimi Leonia wa chumba cha dawa nikapanga ndoo uani, na kanga nikaiazima kwa Bi Asmahani. Daktari alikubali kwa dharau, akafungwa jicho la kulia, akaanza kutembea kwa madaha. Ndoo ya kwanza aliipiga teke. Ya pili alidai imesogezwa. Ya tatu ilikuwa na maji.

Alikaa pale chini, suruali imelowa. Kisha akakiri, kwa sauti ndogo, kwamba farasi alijitahidi kuliko yeye. Wiki iliyofuata alipasuliwa jicho hospitalini. Siku ya kufunguliwa bandeji alimtazama Sylvester kwa makini, akamwambia amenenepa. Sylvester hajawahi kufurahia tusi kama lile.

Daktari, asante kwa macho yote uliyoyaokoa, na zaidi kwa kukubali kuliokoa la kwako. Tunakuombea mapumziko mema, wewe na Bi Asmahani, yenye afya na chai inayobaki kikombeni. Leo ukitoka getini tutakupungia mkono sote, kutoka upande wa kushoto. Tutasimama mbali, vidole vimeachana, ili upepo usikufikie. Ukipepesa tu, tutajua umetuona.