Mama Mektrida na Isale Lililozuiwa Mlangoni

Mama Mektrida Tesha anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kutumikia miaka ishirini na miwili katika Nyumba ya Mfereji, hapa Kilema. Nyumba hii huwapokea wasichana waliochukuliwa makwao kwa ahadi ya shule au kazi nzuri, kisha wakatumikishwa kama watumwa katika nyumba za watu. Wengine hutoka mikoa ya mbali, wengine vijiji vya jirani. Wote wamelelewa na yeye.

Alianza kama mpishi. Mlezi aliyekuwepo alipougua, aliombwa ashike nafasi yake kwa muda, na muda huo ndio unaokwisha sasa. Baadaye alisomea ushauri nasaha mjini Moshi. Majirani walimtania kwamba anabeba madaftari wakati wenzake wanabeba wajukuu. Alicheka nao, akaendelea kusoma.

Utaratibu wa kwanza aliouweka ni kwamba msichana mgeni haoshi chombo cha mtu. Wengi wetu tulipofika tuliamka kabla ya jogoo na kushika ufagio, kwa sababu tulizoeshwa hivyo kwa vipigo. Mama Mektrida aliuchukua ufagio taratibu na kusema, "Rudi kitandani, mama. Hapa uchafu una subira." Msichana akianza kulalamika kwamba mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, hauna chumvi, Mama Mektrida alifurahi sana na kuwaambia wafanyakazi wenzake kuwa huyo sasa anapona. Kwa kweli mtori wake mara nyingi haukuwa na chumvi. Hatujui kama ilikuwa makusudi.

Lakini tukio ambalo hatutalisahau ni la mwenzetu tutakayemwita Anyesi, ingawa si jina lake. Baba yake, mkulima wa huku mlimani, akiungwa mkono na mama yake, alimkabidhi kwa mwanamke mmoja mfanyabiashara wa Kiboriloni aliyeahidi kumsomesha. Mwanamke huyo alimvusha mpaka wa Holili kuingia Kenya, na Anyesi akafungiwa katika nyumba ya watu na kufanyishwa kazi mpaka alipookolewa. Alipoletwa hapa, hakutaka hata kusikia jina la baba yake.

Siku moja baba alikuja na wazee wawili wa ukoo. Mkononi alishika isale, jani la mmea tunaopanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya ukoo. Kwa Wachagga, aliyekosa akimpelekea aliyekosewa isale, msamaha haukataliwi. Wafanyakazi walishangilia. Anyesi alivalishwa gauni zuri, na dada mmoja akaanza kufungasha nguo zake. Kila mtu aliona mambo yamekwisha, isipokuwa Anyesi mwenyewe, na Mama Mektrida aliyesimama katikati ya mlango.

Alimwambia yule baba kwa heshima kwamba isale halitaingia. Mzee mmoja alikasirika. "Wewe mama, umezaliwa Kilema au umeletwa na mafuriko?"

"Shikamoo, babu," alijibu. "Nimezaliwa hapa hapa, ndiyo maana najua jani hilo halikataliwi. Huyu mtoto atasema 'ndiyo' kwa hofu. Na 'ndiyo' ya hofu ameshaisema sana kule alikokuwa."

Wazee waliondoka wakinung'unika, na kijijini alisemwa kwamba ameharibu mila. Hata kanisani kuna waliomgeuzia uso. Hakujitetea. Alimwambia tu yule baba aje Jumamosi, mikono mitupu, akae barazani. Binti akitaka atatoka, asipotaka hatatoka.

Baba alikuja. Alikaa peke yake Jumamosi nyingi, mvua na jua, akanywa chai na kurudi kwake. Baadaye alianza kuleta mkungu wa ndizi. Anyesi alimchungulia dirishani. Halafu siku moja alitoka bila kuitwa, akautazama ule mkungu na kusema, "Shikamoo, baba. Ndizi zenyewe mbona ndogo hivi?" Baba alilia. Mama Mektrida alikuwa jikoni, akajifanya hakusikia.

Leo Anyesi anajifunza ushonaji mjini. Krismasi iliyopita alikwenda kulala kwao kwa mara ya kwanza, kwa uamuzi wake mwenyewe. Aliporudi alimwambia Mama Mektrida, "Baba nimemsamehe. Mama yangu mzazi bado." Wengine wetu tulidhani atashauriwa amalizie. Mama Mektrida alimmiminia chai, akamuuliza kama safari ilikuwa njema.

Mama Mektrida, tunakushukuru kwa kutulinda dhidi ya waliotuumiza, na pia dhidi ya waliotaka tupone upesi ili wao wapumzike. Nenda kihambani kwako ukaote jua, ukanywe kahawa yako ikiwa bado ya moto. Mungu akupe afya na miaka mingi ya furaha. Anyesi hajamaliza, na wengi wetu hatujamaliza, lakini hakuna anayetuharakisha.

Loveness, Kidato cha Tatu,
kwa niaba ya wasichana wa Nyumba ya Mfereji