Taa ya Kijani kwa Mwendo wa Mama Mkwe

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya taa za barabarani, fundi wetu mkuu, ambaye sote tunamwita Mzee Kristali, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28. Ilikuwa astaafu Ijumaa iliyopita. Sababu ya kuchelewa imeelezwa hapa chini kwa ruhusa yake mwenyewe.

Alianza kazi kwa kupanda nguzo na kubadilisha balbu. Wakati huo taa ziliongozwa na mota na meno ya chuma yaliyozunguka ndani ya sanduku, na fundi alirudi nyumbani akinuka grisi. Chipu zilipokuja, yeye ndiye aliyepelekwa kozi, na aliporudi alimfundisha kila mtu, hata mlinzi wa getini ambaye hakuuliza.

Maelezo yake hayajabadilika. Ndani ya chipu, asema, kuna kijisehemu chenye kazi moja tu: kuhesabu mapigo ya umeme. Kikihesabu mapigo yanayotoka nje, kwa mfano kila gari linapopita juu ya waya uliofukiwa chini ya lami, kinaitwa kaunta. Kikihesabu mapigo ya kristali, kidude chenye rangi ya fedha kisichozidi punje ya hindi ambacho hutetemeka kwa mwendo uleule mchana na usiku, kinakuwa kipima muda. Kijisehemu ni kilekile, tofauti ni kinachohesabiwa. Kwa kuwa mapigo ya kristali ni mamilioni kwa sekunde, mbele yake huwekwa kigawanyi, kinachopitisha pigo moja kati ya mengi. Hesabu ikifika kikomo, kijisehemu huigutua chipu ibadilishe taa, nayo muda wote huo ilikuwa ikiendelea na shughuli zake nyingine. “Chipu ni bosi, kaunta ni karani,” humalizia. “Karani akikosea, bosi hukosea kwa kujiamini.” Sisi makarani tumeyapokea maneno hayo kama yalivyo.

Kazi yake inayojulikana zaidi ni kivuko cha mbele ya hospitali. Taa ya waenda kwa miguu ilipowekwa hapo, muda wake ulipimwa na mafundi vijana waliovuka kwa miguu yao wenyewe. Wiki ileile mama mkwe wake, aliyekuwa akienda kliniki kwa mkongojo, alishikwa na taa nyekundu katikati ya barabara, magari yakimpigia honi pande zote mbili. Alifika karakana kabla ya kurudi nyumbani. “Mkwe wangu,” aliuliza mbele ya watu wote, “hii taa uliipimia sungura?”

Kesho yake Mzee Kristali alikwenda naye kivukoni akiwa na saa ya mkononi, akampima akienda na akirudi. Tangu hapo sanduku lolote la kuongozea taa za kivuko cha hospitali hupimwa kwa kile tunachokiita mwendo wa mama mkwe: fundi huvuka polepole kati ya mistari miwili ya chokaa iliyochorwa uwanjani kwetu, iliyoachana kwa upana wa barabara ile, huku saa ya mkononi, isiyo ya sanduku, ikihesabu. Wenye magari wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu foleni. Wakubwa wawili waliopita waliagiza muda upunguzwe. Kila mmoja alialikwa kwa adabu kuja kuvuka uwanjani na mkongojo, na kila mmoja aliliacha jambo hilo.

Sanduku jipya la kivuko hicho ndilo lililokuwa kazi yake ya mwisho. Alitaka kuliacha likiwa juu ya nguzo, kwa sababu kliniki ya wazee inahamia jengo jipya hapo hospitali Jumatatu na watakaovuka wataongezeka. Alhamisi ya wiki iliyopita lilikuwa tayari. Namba za sekunde kwenye kioo chake zilishuka hadi sifuri, kijani kikageuka nyekundu, kila kitu kikapendeza. Ilibaki sahihi ya fundi msaidizi, binti anayechukua nafasi yake.

Binti huyo alilivuta sanduku hadi uwanjani, akavuka na saa yake, kisha akarudi bila kutia sahihi.

“Mzee, hili haliendi.”

“Haliendi wapi, mwanangu?”

“Barabarani.”

Wengine tulidhani amevuka mpaka. Keki ilikuwa imeshaagizwa. Mzee Kristali aliichukua ile saa, akaingia kati ya mistari ya chokaa na kuanza kutembea kwa mwendo wa mama mkwe. Taa ikawa nyekundu akiwa nusu ya njia. Alisimama hapo kidogo. “Mama angeiona hii,” alisema, “leo ningelala njaa.”

Kosa lilikuwa dogo. Chipu mpya ina kristali yenye kasi maradufu, naye, kwa mkono uliozoea, alikiacha kigawanyi kama kilivyokuwa katika sanduku la zamani. Sekunde zikawa nusu sekunde. Namba za kioo hazikuonyesha lolote, maana nazo zilifuata hesabu ileile: sanduku lilijipima kwa saa yake lenyewe. Kulirekebisha hakukuchukua muda. Hata hivyo aliomba kustaafu kwake kusogezwe wiki moja, ili sanduku lipimwe upya lote na wengine, si na yeye. Ofisi ilikubali.

Sahihi ilipatikana Jumanne, na Jumatano sanduku likapanda nguzoni. Asubuhi hiyo wazee wawili wenye mikongojo walivuka hapo wakibishana kuhusu wajukuu, wala hawakuinua macho kuitazama taa.

Mzee wetu, asante kwa kazi, kwa utani, na kwa kukubali kukaguliwa. Upumzike kwa afya njema pamoja na familia, na siku zako zote ziende taratibu.