Mama wa Kapteni Alinyoosha Miguu

Pa! Pa! Pa! Bamama na batata, mama na baba zangu wa kikundi chetu cha sala, sauti hiyo naisikia hata sasa: mpira ukigonga malata, yale mabati ya uzio wetu, kule mtaani Kamalondo. Yaya, kaka yangu wa pekee, alikuwa kipa wa timu ya shule. Kila jioni aliupiga, akaudaka, akaupiga tena, mpaka Mama anapaza sauti kutoka jikoni: "Weye! Unataka tulale inje?" Maskini, hakujua kinywa chake kilikuwa kinasema nini.

Mimi sikusoma sana. Shule niliiacha mapema, nikawa najifunza kushona kwa fundi mmoja wa mtaani. Lakini ndoto ninazo, mnanijua! Namba zote za jezi za timu ile nilizishona mimi. Nilijisemea: siku watakapobeba kombe, watu wataona namba zangu kabla ya kuona miguu ya wachezaji. Mniache nicheke.

Ulikuwa mwaka tulipoambiwa kwamba Katanga sasa ni Etat, nchi inayojitawala, ina bendera yake na franka zake, na shule nazo zitashindania kombe la Etat. Timu yetu ikashinda, ikashinda, ikabaki fainali tu.

Ndipo tukaanguka. Asili yetu ni Kasai, jimbo jirani. Mimi nilizaliwa hapa, maji ya hapa ndiyo niliyokunywa, lakini neno likaanza kutembea mitaani kwamba watu wa Kasai ni maadui wa Etat. Asubuhi moja jirani tuliyezoea kuombana naye chumvi alipita bila kutusalimu. Kesho yake vijana wakavunja mlango. Tukatoka na kile mikono ilichoweza kubeba, tukaenda kambini kwa wakimbizi, kule kulikolindwa na askari wa mataifa, wale wa kofia za buluu. Nyumba yetu ikawa matawi na magunia. Ndugu zangu, nawaambia, mimi ninayechekesha watu hata kwenye foleni ya maji, nilinyamaza. Yaya naye hakutaka hata kuutazama mpira.

Siku ya fainali, jua halijafika utosini, ikaja baiskeli. Anayeendesha ni kapteni wa timu, mtoto wa wenyeji wa Katanga tangu kwa babu zake. Nyuma amekaa mama yake, mnene, kashika kitambaa cha kichwa kisiruke.

Kapteni akapiga magoti. "Mama, tunaomba kipa wetu. Ule tuko naye sasa, mupira ikikuja anafunga macho."

"Afunge tu," Mama akajibu. "Mulitufukuza, leo munakumbuka mutoto wangu juu ya mupira? Niwape muzima, munirudishie maiti?"

Yaya alikuwa anatazama chini, ila mimi niliona vidole vyake vinakunjuka na kukunjika, vinakunjuka na kukunjika.

Mama wa kapteni akapiga makofi taratibu, kwa heshima. "Mama mwenzangu, uko na haki. Wako aende na wangu. Miye nabaki hapa. Wako akirudi, nami narudi. Asiporudi, niko mu mikono yenu."

Hapo hapo akatandika kikwembe, kitenge chake cha kujifunga, chini, akaketi, akanyoosha miguu. Mnajua wenyewe. Kwetu mama akinyoosha miguu hivyo kwa mtu, kama kwenye kilio, hainuki mpaka jambo liishe.

Mama alimtazama, alimtazama. Kisha akamwambia Yaya: "Vaa."

Baiskeli haijapotea vizuri, vijana wa kambi wakatuzunguka. "Huyu ni wa kule! Iko anapeleleza!" Mmoja kashika jiwe. Mama akaenda akaketi kando ya yule mama, paja kwa paja, naye akanyoosha miguu. "Ni mugeni wangu," akasema. "Mwenye kumutupia jiwe, aanze na miye."

Jiwe likaanguka chini. Wakaondoka wakinung'unika.

Halafu yule mama akasema, "Ee, mama, miguu yako ni mizuri kuliko yangu."

"Yako ilikula bukari mingi, ugali wote wa Kamalondo," Mama akamjibu.

Wakacheka! Nami nikacheka, mpaka machozi. Ndugu zangu, mimi niliinuka moyoni hapo, kabla hata filimbi haijapigwa uwanjani.

Jua lilipolegea tukasikia kengele ya baiskeli. Yaya yuko nyuma, pua imevimba kama nyanya, anapunga mikono yote miwili. "Tumeshinda! Kombe ni yetu!" Kambi nzima ikakimbia kumsikiliza. Akasema walimzomea alipoingia: "Rudi kambini!" Kapteni akafunga bao. Mwishoni wapinzani wakapata penalti, Yaya akaizuia kwa uso. Kwa uso! Wale wale waliomzomea wakasimama: "Kipa! Kipa!"

"Kumbe nani alifunga?" Mama akauliza.

"Wako," Yaya akamwambia mama wa kapteni, akimwonyesha kwa kidole.

"Na nani alizuia?" yule mama akauliza naye.

"Wangu!" Mama akapiga kifua.

Ndipo yule mama akainuka, akakung'uta kikwembe. Tangu hapo huniletea nguo za wenzake wa Kamalondo nizishone, na cherehani yangu mwenyewe ninayoiota nitaipata, mtaona.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yule, na mwanawe aliyekanyaga baiskeli kutufuata. Nilichojifunza ni hiki: mwenye hofu usimwambie asiogope. Nenda ukae naye, hofu yake ikukute na wewe.

Jioni ile, wote walipokuwa wakicheza nje, niliingia peke yangu chini ya magunia yetu. Tangu tufukuzwe nilikuwa nalala na furushi langu limefungwa, tayari kwa kukimbia. Nikalifungua fundo. Nikatoa gauni langu la Jumapili, nikalinyoosha kwa kiganja, nikalitundika kwenye tawi.