Risala ya Mafundi wa Dari kwa Mhandisi Rafiq, Mbele ya Mama Yake

Mgeni rasmi, Mhandisi Rafiq. Mama yetu Bi Joweria, shikamoo. Mwajiri wetu Bwana Zedekiya, uliyejificha huko nyuma karibu na sufuria. Mabibi na mabwana:

KARIBU

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi mafundi kumi na saba wa dari za jipsamu, pamoja na katibu wetu Damaris, tumefurahi mno kukuona katika ukumbi huu mdogo wa Al Rigga. Pilau ipo, na mbuzi huyu ni wa pili. Wa kwanza tulimchangia siku ile uliyosema malipo yetu yanatoka wiki ijayo. Tulimla kwa vigelegele. Hiyo wiki ijayo bado tunaingoja.

Risala hii alitakiwa aisome Damaris, amekataa katakata. Anasema umeshamzoea akiwa amesimama mlangoni kwako, leo anataka umwone amekaa. Kwa hiyo anaisoma Gibson, kwa niaba yetu sote.

TULIKOTOKA

Zedekiya alifika Dubai kutoka Uganda akiwa mlinzi wa ghala kule Jebel Ali. Siku zake za mapumziko alikuwa akiwabebea mafundi bodi bure, mradi wamwache atazame wanavyozifunga. Mwaka 2012 akapata kafeel, yaani mdhamini mwenyeji, tena muungwana, akafungua kampuni yake, akatuokota sisi Wakenya na Waganda ambao wengine hata bisibisi hatukujua kuishika. Ana ugonjwa mmoja tu: akiahidi, analipa. Basi naye hudhani dunia nzima inaumwa ugonjwa huo.

TULIYOYAFANYA

Mgeni rasmi, dari iliyo juu ya meza yako ofisini ni kazi ya mikono hii. Tuliimaliza mwezi wa tano. Mwezi wa sita ukaikagua mwenyewe, tochi mkononi, ukautafuta ufa pembe zote ukaukosa, ukasema kazi ni safi. Tunajivuna, wala hatuoni haya kusema. Mvua ya Dubai ni ya nadra, lakini hata ikija na hasira zake, wewe utakunywa chai yako ukiwa mkavu.

YANAYOTUKWAZA

Leo ni Oktoba. Karatasi ya malipo yetu haijatoka mezani kwako kwa kukosa saini yako. Tunajua una karatasi nyingi, na tunajua desturi: kampuni kubwa hupiga simu, ndogo hupanga foleni. Lakini wakati sisi tuko kwenye foleni, Zedekiya aliuza pikapu yake ili mishahara yetu ya Agosti itoke. Siku hizi anapanda metro na ngazi yake begani, na walinzi wa stesheni wanamgombeza.

Tena kuna hili, ambalo hajui kama tunalisema. Aliyetuuzia bodi anayo cheki ya Zedekiya, tarehe yake ni Jumapili hii, ambayo hapa ni siku ya kazi. Sheria ya hapa kila mtu anaijua: cheki ikirudi bila pesa, aliyeiandika anakwenda polisi. Bosi Zedekiya, ulituamuru tuandike karibu na asante tu, khalas, basi. Utusamehe. Kesho tutakutii.

Damaris amekuja ofisini kwako Jumatano tisa na faili lake la kijani. Kila Jumatano umemjibu kwa Kiingereza kizuri cha upole, wiki ijayo, madam, inshallah. Jumatano ya tisa simu yako ikalia, ukaipokea: "Shikamoo mama. Samaki nitamleta mwenyewe, usimtume mtu." Kiunguja kitupu! Damaris alitaka kucheka, machozi yakawahi. Alishuka ngazi ghorofa tatu akisema peke yake, "Kumbe ni wa kwetu huyu! Kumbe siku zote angeniambia tu kwa Kiswahili!"

Mungu si Athumani. Fortunate, mke wa fundi wetu Andrew, anafanya kazi nyumba ya jirani na mama yako kule Rashidiya. Damaris akaenda kubisha hodi. Bi Joweria alimpa kahawa na halua, akamsikiliza mpaka mwisho, asimkatize hata mara moja. Kisha akasema maneno haya, nasi tunayasoma kwa ruhusa yake:

"Mwanangu nimemlea kwa Kiswahili. Hicho Kiingereza kakisomea ukubwani, na ndani yake haya hamna. Mwalikeni awe mgeni rasmi, na mimi mnialike. Msomeeni kwa lugha aliyolelewa nayo, nione atamjibu nani wiki ijayo."

OMBI

Mgeni rasmi, hatuombi mkopo, wala huruma, wala zawadi. Tunaomba saini moja. Mhasibu wenu amemwambia Damaris kwamba pesa zipo, na karatasi ikifika na saini zinaingia benki siku hiyo hiyo. Muuza bodi naye ni muungwana, amekubali asiipeleke cheki kabla ya adhuhuri. Jumapili saa moja asubuhi Damaris atakuwa mlangoni kwa mhasibu, na safari hii hatasimama muda mrefu.

Faili la kijani liko hapo kushoto kwa sahani yako. Usihangaike kupapasa mifuko. Kalamu anayo mama yako.

Mwenyezi Mungu akuzidishie riziki, ampe Bi Joweria umri mrefu wa kukuita naye akusikie ukiitika, na Jumapili hii Zedekiya alale chini ya dari ya nyumbani kwake.

Ni sisi,
Mafundi wa Dari wa Zedekiya,
Dubai, Oktoba 2016