Daftari la Saa Saba Mchana

Mheshimiwa Bwana DO, Mwenyekiti wa Halmashauri ya Shule, Mwalimu Mkuu, Sheikh wetu, ndugu wazazi mliotoka mbali kama Ijara, walimu wenzangu, na ninyi mabinti zangu mliobanana kule nyuma: assalaamu alaykum.

Nimepewa dakika kumi za kuagana nanyi baada ya miaka kumi na tisa ya umatroni. Nashuku kwa nini ni kumi tu. Nakishuku pia kile kifurushi cha karatasi ya maua pale mezani, maana kinatoa mlio wa saa ya ukutani, na mtu anayestaafu anahitaji saa ya nini? Mnacheka kwa sababu mnanijua. Msichana akikohoa bwenini, mimi hunusa kwanza blanketi lake kama lina moshi wa sigara, ndipo nimpe dawa.

Leo nimekuja kuishtaki tabia hiyo mbele yenu. Nitazungumza juu ya hedhi. Naona wazee wameanza kutazama viatu vyao. Wazee wangu, Sheikh huwafundisha mabinti hawa mlango wa hedhi madrasani wala haoni haya, na wahenga walisema mficha uchi hazai. Nivumilieni.

Kwa wageni nieleze. Mwezi wa Ramadhani, binti aliye katika siku zake hafungi. Hapa kwetu huja jikoni saa saba mchana, akala nyuma ya pazia, nami nikaandika jina lake daftarini, ili asiyekuwa na udhuru asipate sahani. Lilikuwa daftari la chakula tu. Lakini jicho la kushuku likishapata daftari, husoma hata yasiyoandikwa. Aliyekuja mara mbili katika mwezi mmoja tulimwita mwongo. Na ambaye hakuja kabisa, je? Tulisema ana mimba.

Ramadhani ya mwaka 1992, jina la Idil binti Ogle wa Hadado, kidato cha pili, halikuonekana humo. Mpishi wetu Abshiro, ambaye yupo hapa na ambaye hajapata kunong'ona maishani mwake, alimwambia mwalimu mkuu wa wakati huo dirishani pa jikoni: "Mwalimu, huyu hajakula mchana hata siku moja. Mwezi nzima! Uliza yeye vizuri." Je, mimi nilimuuliza Idil? Sikumuuliza. Nilimpima kiuno kwa macho alipokuwa akichota maji, kisha nikasema barua iandikwe kwa baba yake.

Mzee Ogle alikuja kwa lori la mifugo, akamchukua binti yake. Idil aliozwa haraka, watu wasije wakasema. Mimba haikuwapo. Ule ulikuwa mwaka wa ukame, ngamia wa kwao walikuwa wamekufa, naye alikuwa ametoka likizo amekonda, na chakula chetu hakikumpita kooni kwa kuwawaza wadogo zake. Mvua ziliponyesha na maziwa yakapatikana, hedhi yake ilirudi. Baba yake alinikuta soko la mifugo akaniuliza, "Khadijo, mwanangu alikuwa na njaa. Wewe uliandika nini?" Idil mwenyewe ameniruhusu nimtaje.

Ndipo nikaenda hospitali kumuuliza tabibu Shuaib swali ambalo nilipaswa kumuuliza kwanza. Akaniambia: hesabu kutoka siku ya kwanza ya damu mpaka siku ya kwanza ya damu inayofuata. Kwa msichana, katika miaka miwili mitatu ya mwanzo, zikiwa siku ishirini na moja au zikifika arobaini na tano, si ajabu. Mwili bado haujashika mwendo wake. Njaa huweza kuchelewesha, na hofu, na maradhi, na hata safari. Lakini miezi mitatu ikipita bila kitu, au damu ikizidi siku saba, au ikilowesha pedi kila saa, au maumivu yakimlaza kitandani, basi ni hospitali, na mapema. "Wewe peleka mgonjwa," akasema, "hukumu tuachie."

Sasa nasema lililonileta. Ramadhani iliyokwisha wiki tatu zilizopita, daftari lilikosa jina jingine. Sitalitaja. Halmashauri inakaa Jumatatu kumjadili, na ukame umerudi, na naona nyuso hapa zilizokwisha kuhukumu. Kuna aliyemuuliza binti huyo amekula nini? Kuna aliyempeleka hospitali? Na hata kama angekuwa na mimba, si huko huko ndiko angepaswa kwenda kwanza? Sheikh atanisahihisha nikikosea, lakini Kitabu kinasema baadhi ya dhana ni dhambi, nami moja ninayo shingoni. Sitaki ya pili.

Bi. Sahara, wewe unayeshika nafasi yangu, nakukabidhi funguo za bweni, za stoo na za kabati la dawa. Daftari sikupi. Mpe kila binti lake dogo, aandike siku zake mwenyewe, na asilisome mtu bila ruhusa yake.

Na wewe, Mwalimu Mkuu. Barua ya kumwita baba wa binti huyo ilipigwa chapa Jumanne, na tangu jana haionekani ofisini. Karani ameshukiwa, tarishi ameshukiwa. Waacheni. Nishukuni mimi. Imo humu mkobani, na itabaki humu mpaka binti huyo arudi kutoka hospitali. Sahara atampeleka Jumatatu asubuhi, kabla hamjaketi.

Nawashukuru kwa kunivumilia, na kwa hiyo saa. Nitaitundika leo leo, niitazame mpaka Jumatatu.